Futi na mita kwenye nyumba moja: somo kwa anayejenga

Habari zenu ndugu zangu, niko hapa Tanga, Mikanjuni, kazi yangu ni milango na madirisha. Leo naomba niweke somo hili maana kila wiki naona mtu anapoteza hela kwa sababu ya sentimita mbili tu, na hela ya kujenga tunaijua inavyopatikana.

Nianze na lililonikuta. Nilikuwa na kazi huko Duga, mwenye nyumba kanipigia simu kwamba tundu la dirisha ni futi 5 kwa 4, mimi nikampigia kijana wa aluminiamu nikamwambia mita moja na nusu kwa moja na ishirini, kwa sababu ndo tunavyosema siku zote, futi 5 si ni mita na nusu. Fremu ikaja. Tukaipachika, ukiibana upande mmoja basi upande wa pili kidole gumba kinapita, juu nako kuna mwanya. Futi 5 ni sm 152.4 na futi 4 ni karibu sm 122, kwahiyo kijana alikata sawasawa kabisa kwa nilivyomwambia, kosa lilikuwa la kwangu. Tukaziba na mchanga na saruji, ilipofika masika maji yakatafuta pale pale tulipoziba yakashuka ukutani mpaka kwenye godoro la watoto. Nikalitoa dirisha nikatengenezesha lingine kwa hela yangu.

Hatua ya 1: jua kitu kimezaliwa na kipimo gani. Hapa ndo pana mambo. Mbao imezaliwa na inchi, mbili kwa nne, mbili kwa mbili, na ikishapigwa randa hata hizo inchi haifiki, kwahiyo pima mbao yenyewe usipime jina. Tofali inchi 5 au 6. Vigae sentimita. Nondo ni vurugu, unene wake mili (yaani milimita) 10, 12, 16 lakini urefu dukani utaambiwa futi 40, ukiipima ni mita 12, na futi 40 kamili ni mita 12.19, yaani kila nondo ina pengo la sm 19 ambalo kwenye hesabu ya renta ndefu, lile zege la juu ya milango na madirisha, linakuumiza. Rangi unaambiwa galoni, soma kopo, ni lita 4, wakati galoni ya Kiingereza ni lita 4.5 na ya Marekani 3.8, kwahiyo hesabu kwa lita basi. Bomba ndo usijaribu kabisa kugeuza, lile la plastiki la kuunguza, linaloungwa kwa moto, la mili 20 ndo linaenda na koki ya nusu inchi, na la mili 25 linaenda na robo tatu, ukichukua kalkuleta nusu inchi itakupa mili 12.7 na hakuna bomba hilo hapo. Lile ni jina tu, lishike kama jina.

Hatua ya 2: upande mmoja wa futi. Nasemea futi ya kuvuta, juu ina inchi chini ina sentimita. Kabla hamjaanza kazi kubalianeni wote, fundi, kibarua, mwenye nyumba, na yule wa aluminiamu, tunasoma upande gani. Mimi saivi nasoma mili kwa kila kitu kinachopachikwa, maana mili haina robo wala nusu ya kusikika vibaya kwenye simu.

Hatua ya 3: achana na nukta kwenye futi. Mtu anaandika 5.6 akimaanisha futi 5 na inchi 6. Mwenzake anaiweka kwenye kalkuleta inasoma futi tano na sehemu sita za kumi, ambayo ni futi 5 na inchi 7 na kitu. Tofauti inapita sm 3! Futi ina inchi 12 sio 10. Andika kwa maneno, futi 5 inchi 6, hata kama karatasi ni ndogo.

Hatua ya 4: geuza mara moja, mwishoni, bila kukata tarakimu za baada ya nukta. Inchi ni mili 25.4, futi ni sm 30.48. Hizi sio za kukadiria, tangu 1959 Marekani, Uingereza na wenzao walikubaliana yadi iwe mita 0.9144 kamili, kwahiyo hata hiyo inchi yenyewe siku hizi inapimwa kwa mita. Ukisema futi ni sm 30, kwenye ukuta wa futi 100 umeshapoteza sm 48. Hiyo ni nusu mita ya uzio.

Hatua ya 5: boliti na spana nenda na kitu chenyewe mkononi dukani. Spana ya mili 19 inakaa vizuri kwenye nati ya inchi robo tatu, ila ya mili 13 kwenye ya nusu inchi inacheza na itakula kichwa cha nati.

Maswali yenu sasa.

Fundi Cherehani, Ngamiani: Mteja anataka mita 5 na nusu, duka lina kitenge cha yadi 6. Kinatosha?

Kinakaribia sana dada, yadi 6 ni mita 5.49, unapungukiwa kama sentimita moja na nusu. Kwa gauni utaila kwenye pindo.

Kijana wa Sahare: Fundi, sio ujenzi ila naomba msaada. Tumenunua mashine ya kupima kina, imeshatumika. Juzi ilisoma 12, mzee akashusha bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, akasema hapa pima 2, jahazi litulie. Nani mkweli?

Wote wawili mdogo wangu. Pima moja ni futi 6, kwahiyo mashine yenu imewekwa futi na mzee yuko sahihi. Lakini shughulikieni leo leo kabla hamjatoka, maana akija mwingine akadhani ile 12 ni pima ataona kina cha mita 22 mahali penye mita 3 na nusu, na hapo ndo mnapanda mwamba. Ingieni kwenye mipangilio muiweke kipimo ambacho kila mtu chomboni anakijua, alafu mkibandike kwa karatasi pembeni ya kioo. Na bildi ya mzee msiiache nyumbani.

Bibi Muheza: Mwanangu nimeuziwa shamba ekari moja, 70 kwa 70. Mjukuu kapima akapata mita 64 kila upande. Nimedhulumiwa?

Shikamoo bibi. Hapana, hujadhulumiwa. Hiyo 70 ni yadi, na yadi 70 ni mita 64. Ukizidisha 64 kwa 64 unapata mita za mraba 4,096 na ekari kamili ni 4,047, kwahiyo umepata ekari yako na cha juu kidogo. Shida ni kwamba wengine wanahesabu 70 za mita, inakuwa 4,900, na jirani yako akinunua kwa hesabu hiyo siku ya kuweka mipaka mtagombana bure.

Bibi Muheza: Marahaba. Hati bado haijaandikwa, mwenyekiti anasubiri Jumamosi. Nimwambie aandike nini?

Aandike mita bibi, kila upande 64, na jumla mita za mraba 4,096, na neno ekari lije baada ya hapo. Mjukuu asome kwa sauti mbele ya mashahidi kabla hujaweka dole gumba.