Rakuni Darini: Jinsi ya Kumkatia Njia za Kupanda Nyumbani Kwako

Mwongozo huu ni kwa ndugu zetu walioko Toronto, Hamilton, Kitchener na miji mingine ya kusini mwa Ontario, Kanada, hasa waliohamia kwa mara ya kwanza kwenye nyumba yenye paa lake na uwanja wake. Kazi yangu ni kuwatoa wanyama pori majumbani na kuziba walikopita. Waswahili wenzangu wanaponipigia simu, karibu wote huanza na ombi moja: njoo umtege huyu rakuni (yule mnyama wa manyoya ya kijivu mwenye alama nyeusi machoni) ukamtupe mbali. Huwa nakataa, na nitaeleza sababu. Kazi yenyewe iko kwenye ukuta, kwenye mti na kwenye bomba la mvua. Rakuni aliyekosa pa kupandia hafiki darini.

Mjue anavyopanda

Rakuni mzima huwa na kilo 4 hadi 9, na wale wa mjini wanaoshiba taka huzidi hapo. Mwili ni mnene, lakini usikudanganye. Mikono yake ina vidole vitano virefu. Hana gumba la kubania kama letu, ila hushika kitu kwa viganja vyote viwili, na viganja hivyo vina hisi kali kiasi kwamba gizani hupapasa tu akajua bati lipi limelegea. Makucha yake hayarudi ndani kama ya paka. Nyayo za nyuma anaweza kuzigeuza zikatazama kinyumenyume, ndiyo maana hushuka mtini kichwa kikiwa chini, kwa mwendo uleule aliopandia.

Juni 2018, huko St. Paul, Minnesota, Marekani, rakuni mmoja alipanda ukuta wa nje wa jengo la ofisi la benki ya UBS, zaidi ya ghorofa ishirini, akipumzika kwenye kingo za madirisha huku watu wa dunia nzima wakimfuatilia mtandaoni. Alifika juu ya paa usiku wa manane, akategwa kwa chakula cha paka, akaachiwa salama. Ukuta ule ulikuwa wa zege lenye uso wa kukwaruza. Hilo ndilo la kushika: rakuni anahitaji ama uso wa kung'ang'ania kwa makucha, ama kitu cha kukumbatia kama mti, nguzo au bomba. Tofali lina mistari ya saruji, anapanda. Uzio wa mbao anapanda. Kona ya nyumba anaikumbatia na kupanda. Bati laini lililo pana hawezi, kwa sababu makucha yanateleza na mikono haifiki upande wa pili. Kila kinga nitakayoitaja inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba, mchana na usiku

Sikiliza kwanza. Kindi hukimbia darini mchana, kwa hatua nyepesi za haraka. Rakuni husikika jioni anapotoka na alfajiri anaporudi, na hatua zake ni nzito kama za mtu anayetembea juu ya dari.

Kisha toka nje na darubini, au tumia kamera ya simu. Tafuta alama za matope na manyoya kwenye mabomba ya mvua na kona za ukuta. Angalia matundu ya hewa yaliyo juu ya paa, hasa ya plastiki, maana anayapasua. Angalia mdomo wa bomba la moshi. Zaidi ya kote, angalia pale paa la chini linapokutana na ukingo wa paa la juu, kwa mfano paa la gereji likiwa limeegemea nyumba. Pale rakuni anapata sakafu ya kusimama, halafu juu ya kichwa chake kuna kibamba chembamba cha alumini. Anakisukuma kwa mgongo, kinainuka, kisha anaingia. Nimeona nyumba mpya kabisa zikivunjwa hapo. Tundu la upana wa sentimita 10 tu linamtosha kupenya.

Hatua ya 2: Je, kuna watoto?

Tafadhali usiruke hatua hii. Huku kwetu rakuni hupandana kuanzia Januari hadi Machi, na mimba huchukua kama siku 63, kwa hiyo watoto wengi huzaliwa kati ya mwisho wa Machi na Mei. Huzaa watatu, wanne, hata watano, macho yakiwa yamefumba, na mama hulea peke yake. Akichagua dari lako mwezi wa Aprili, mara nyingi ni kwa sababu amejifungua humo.

Ukimfungia nje mama mwenye watoto, yatatokea mambo mawili. Watoto watakufa kwa njaa juu ya kichwa chako, na harufu itakaa wiki kadhaa. Na mama hatakwenda zake. Atang'oa vigae vya paa, mbao na alumini mpaka awafikie. Uharibifu mkubwa kuliko wote niliowahi kutengeneza ulitokana na fundi wa paa aliyeziba tundu Mei bila kuuliza. Mimi nawahurumia wale watoto. Kama wewe huwahurumii, basi hurumia paa lako.

Dalili zao ni sauti za kulia kwa mlio mwembamba, na mama kuonekana akitoka hata mchana kutafuta chakula. Ukiwa na hakika wapo na nyumba yako inaweza kuvumilia, subiri. Wakifika wiki nane hadi kumi huanza kumfuata mama usiku, na wote wanaweza kutoka kwa miguu yao. Usipoweza kusubiri, mfanye mama ahame mwenyewe: weka taa ya nguvu karibu na kiota na redio ya mazungumzo, usiku na mchana. Rakuni mama huwa na maficho mengine anayoyajua, na atawabeba watoto kwa mdomo, mmoja mmoja. Mpe muda bila kumsogelea. Miezi mizuri kabisa ya kazi hii ni Septemba na Oktoba: watoto wamekua na baridi kali bado haijafika.

Hatua ya 3: Ondoa kinachomwita

Mji wa Toronto ulianza mwaka 2016 kugawa mapipa mapya ya taka za jikoni yenye kitasa cha kuzungusha, yaliyobuniwa kumshinda rakuni. Yalisaidia sana, ingawa wapo rakuni waliojifunza kuliangusha pipa kwanza ndipo wahangaike na kitasa. Kwa hiyo pipa lifunge kwa kamba ukutani lisianguke, na ulitoe barabarani asubuhi ya kuzolewa, sio usiku wa kuamkia. Chakula cha paka kisilale nje. Matunda yaliyodondoka yaokote. Jiko la mkaa la kuchomea nyama lisafishwe mafuta siku ileile.

Hatua ya 4: Kata njia za juu

Anza na miti. Tawi lolote lililo karibu na paa likatwe mpaka libaki pengo la mita 2 au zaidi. Mti wenyewe uvishe bati laini lenye upana wa sentimita 60, ukingo wake wa chini ukiwa kama mita 1 kutoka ardhini, ili asiweze kulifikia gome la juu akiwa amesimama. Usilipigilie misumari kwenye gome. Lizungushe na ulifunge kwa waya wenye springi, mti upate nafasi ya kunenepa. Kumbuka kwamba bati kwenye mti mmoja ni kazi bure ikiwa mti wa jirani umegusana nao juu.

Bomba la mvua ndiyo ngazi anayoipenda. Livishe koni ya bati iliyofunguka kuelekea chini, au lifunike kwa bati pana lililopigwa ukutani pande zote mbili ili mikono isiweze kulikumbatia. Mimea inayotambaa ukutani iondoe, pamoja na fremu zake za mbao. Sogeza rundo la kuni, kibanda cha zana na meza ya plastiki mbali na ukuta. Kila kimoja ni kipandio.

Usitumie pesa kwa vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu. Anavizoea. Vidonge vya nondo vinaudhuru mwili wako na wa watoto wako kabla ya kumsumbua yeye. Kinyunyizio cha maji kinachojiwasha mnyama akipita hufanya kazi kwa muda, na kwenye bustani kinafaa.

Hatua ya 5: Mtoe, usimhamishe

Sheria ya Ontario hairuhusu kumbeba mnyama pori uliyemtega ukamwachie zaidi ya kilomita moja kutoka ulipomkamata. Sumu hairuhusiwi kabisa. Sheria hii ina maana. Rakuni aliyetupwa mahali asipopajua hajui maji yalipo wala pa kulala, na anaweza kupeleka ugonjwa kule alikopelekwa. Na nafasi aliyoiacha kwako, tundu likiwa wazi, itachukuliwa na mwingine.

Dawa yake ni mlango wa njia moja: kisanduku cha wavu wa chuma chenye kipande cha mlango kinachofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, kisichovutika kutoka nje. Ziba matundu mengine yote kwanza, kisha funga mlango huu kwenye tundu analolitumia, ukiukaza kwa skrubu, kwa sababu atajaribu kuung'oa. Baada ya usiku kadhaa wa ukimya, utoe, ujaze tundu kwa magazeti yaliyokunjwakunjwa. Yakikaa siku tatu bila kuguswa, na hali ya hewa ikiwa nzuri ya kumtoa mnyama nje, dari ni tupu.

Kazi ya juu ya paa ni hatari. Kama huna ngazi imara, mtu wa kuishika na uzoefu, mwite mwenye leseni.

Hatua ya 6: Ziba kwa chuma

Povu la kuziba nyufa analitafuna. Wavu mwembamba wa kufugia kuku anaukunja. Tumia wavu mzito wa chuma uliochomelewa, uliopakwa zinki ya kuzuia kutu, wenye matundu ya sentimita 1 hadi 2.5, ufungwe kwa skrubu zenye washa (vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu), ukizidi ukingo wa tundu kwa sentimita 10 pande zote. Matundu ya hewa yavishe kisanduku cha wavu huohuo ili hewa iendelee kupita. Bomba la moshi lipate kifuniko cha chuma kisichobana moshi.

Chini ya baraza la mbao anaingia kwa kuchimba. Chimba mtaro wa sentimita 30, shusha wavu, kisha ukunje uelekee nje sentimita nyingine 30 chini ya udongo. Anapochimba kwenye ukingo anakutana na chuma, naye hana tabia ya kurudi nyuma akaanzia mbali.

Hatua ya 7: Kinyesi

Rakuni huchagua mahali pamoja pa kujisaidia, darini au juu ya paa tambarare, na kurudia hapohapo. Kinyesi hicho mara nyingi kina mayai ya mnyoo uitwao Baylisascaris. Mayai huiva katika wiki mbili hadi nne, hukaa hai kwenye udongo kwa miaka, na yakimezwa na mtoto, viluwiluwi vyake huweza kufika kwenye ubongo na macho. Mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe kila jioni.

Vaa glavu za mpira, buti na barakoa ya N95. Nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisipae. Zoa kwa koleo, funga ndani ya mifuko miwili, kisha mwagia mahali hapo maji yanayochemka, ikiwa ni ardhi, saruji au bati. Dawa ya klorini haiyaui mayai haya. Joto ndilo linaloyaua. Darini huwezi kumwaga maji, kwa hiyo nyuzi za kuhifadhi joto zilizochafuka zinatolewa na kubadilishwa.

Kichaa cha mbwa nacho kipo. Desemba 2015 kilithibitishwa tena kwa rakuni wa Hamilton baada ya mkoa kukaa miaka kumi bila kisa cha aina hiyo, na tangu hapo serikali imekuwa ikisambaza chambo chenye chanjo. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku ileile, useme wazi kwamba ni rakuni. Chanjo hukinga ikianza mapema. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Usimkamate wala usimuue mwenyewe ili uwaonyeshe madaktari.

Kwa mpangaji

Kama nyumba si yako, usipande paa. Chini ya sheria ya upangaji ya Ontario ya 2006, mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu wa kuitunza katika hali nzuri ya kukaliwa, na tundu la paa ni lake. Mwandikie barua pepe yenye tarehe na picha, usiishie kwenye simu. Usiogope kuandika, ni haki yako. Asipojibu, ofisi ya mji inayosimamia viwango vya majengo hutuma mkaguzi.

Mahindi na kuku

Wengi wetu tunapanda mahindi nyuma ya nyumba, na rakuni anayapenda kama sisi. Hupanda bua, likavunjika, akala hindi nusu, akaenda kwenye bua jingine. Uzio wa kawaida haumzuii kwa sababu zilezile nilizozitaja. Kinachomzuia ni nyaya mbili za uzio wa umeme wa bustani, moja sentimita 15 kutoka ardhini na nyingine sentimita 30, zenye mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kuidhinishwa kwa matumizi ya nyumbani. Uliza kwanza kanuni za mji wako, maana baadhi ya miji hairuhusu. Banda la kuku lizungushie wavu mzito uleule wa paa, kwani huingiza mkono kwenye matundu makubwa akamvuta kuku kipande kipande, na komeo liwe la kuhitaji vitendo viwili: kuinua, kisha kuvuta. Nyaya za bustani zianze kufanya kazi mahindi yanapotoa ndevu, kabla punje hazijajaa maziwa, kwa sababu rakuni aliyekwisha kuonja hindi moja atavumilia mengi ili apate la pili.