SOMO: Kutumia daftari la mapacha kutafuta chanzo cha magonjwa

Wakuu, kisukari, presha na saratani nyingi hazina chanzo kimoja: ukoo umo, maisha nayo yamo. Kwa kuvitenganisha viwili hivyo, mapacha wanatusaidia mno.

1. Andikisha mapacha wote, wagonjwa kwa wazima. Denmark ilianza mwaka 1954, ikarudi nyuma hadi waliozaliwa 1870. Ukitangaza tu "mapacha wagonjwa njooni", watajitokeza zaidi wale wanaoumwa wote wawili, na hesabu itapinda tangu mwanzo.

2. Tambua aina. Wa yai moja wana vinasaba karibu vyote sawa. Wa mayai mawili, nusu kwa wastani, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Kama hela ya kipimo cha DNA haipo, waulize: mlipokuwa wadogo, walimu waliwachanganya? Maswali ya namna hii hupatia mara nyingi sana.

3. Oanisha majina na kumbukumbu za hospitali.

4. Piga hesabu. Tuseme jozi 100 za yai moja zina mgonjwa: 40 wanaumwa wote, 60 mmoja tu. Wagonjwa ni 140, na 80 kati yao pacha wao pia anaumwa. Hiyo ni asilimia 57. Wengi huandika 40, lakini anachouliza Kulwa ni hiki: "Doto ameugua, mimi je?" Jibu lake ni 57. Rudia kwa wa mayai mawili. Pengo likiwa kubwa, vinasaba vina nguvu. Zikilingana na zote ziko juu, chunguza malezi na mazingira ya nyumbani.

Mwaka 2000, jozi 44,788 za Sweden, Denmark na Finland zilionyesha vinasaba vinaeleza asilimia 42 ya tofauti katika saratani ya tezi dume, na 27 katika ya matiti.

MASWALI

— Mkuu, baba yangu aliugua tezi dume. Ina maana nina asilimia 42 ya kuugua?
Hapana ndugu yangu. Namba hiyo inaeleza tofauti kati ya watu wa jamii ile, haimpimi mtu mmoja. Ila kwa kuwa mzee aliugua, muone daktari mkapange lini uanze kupima.

— Wanaofanana si hulelewa kwa kufananishwa zaidi? Nguo sawa, chakula sawa.
Hoja nzito hiyo, dada. Watafiti huwatafuta wale ambao wazazi waliamini ni wa yai moja kumbe sivyo, wakaona kama malezi hayo yaliwafananisha kweli.

— Daftari la mapacha Afrika lipo?
Lipo Guinea-Bissau, tangu 2009, chini ya Mradi wa Afya wa Bandim. Limefuatilia vifo vya watoto mapacha na sukari ya damu.