Mtoto wa timu akikuambia jambo zito: umpeleke wapi, useme nini

Hii ni kwa makocha na wazazi wa timu za watoto hapa Moshi, pale mtoto anaposema ametendewa ukatili, hasa wa kingono. Kazi yako si upelelezi. Ni kupokea neno la mtoto na kulifikisha.

1. Sikiliza. Mtoto hasemi yote kwa mkupuo. Ataanza kijuujuu tu, "Sipandi tena gari la kocha," huku anahangaika na kamba za viatu. Usimuulize "alikushika, eti?", maana hapo umemtilia maneno mdomoni, na wakili wa upande wa pili atalishikilia hilo. Uliza tu: "Ikawaje?" Usimwahidi siri. Mwambie utawaambia wale wanaoweza kumsaidia.

2. Andika siku hiyohiyo, kwa maneno yake. Akisema "kidude", andika "kidude". Tarehe, saa, uwanja, waliokuwepo. Kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, usiweke hata nusu mstari.

3. Fikisha. Mlezi wa watoto wa klabu ajue (kama hamna, teueni kabla ya ligi, na asiwe kocha), lakini usiishie kwake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya bure ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii kutoa taarifa, kwa hiyo "hayanihusu" haipo.

4. Akiwa ameingiliwa, hospitali haraka, mfano Mawenzi. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri mapema ndivyo bora. Asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kama mtuhumiwa ndiye mwenye timu?
Mruke. Nenda moja kwa moja ustawi au polisi, wala usimdokeze, atawahi kwa mtoto.

Wazazi wameshapatana, wamelipwa. Yameisha?
Hayajaisha. Ubakaji ni jinai. Mzazi hana mamlaka ya kuufuta kwa mbuzi wala kwa bahasha.

Na nikikosea, nikamchafua mtu bure?
Sema ulichosikia na ulichoona, basi. Kuthibitisha ni kazi ya wenye kazi yao.

Mtoto anachelewa kuchukuliwa kila Jumamosi, anakuja na njaa. Nipige 116?
Anza kwa kuongea na mama yake kwa heshima, huenda yuko sokoni Mbuyuni hadi jioni. Yakiendelea, au ukiona alama mwilini, mwone afisa ustawi.