Namna ya kusoma majibu ya kipimo cha lehemu, na la kufanya na tui

Lehemu (kolesteroli) ikizidi haiumi wala haichoshi. Mtu anaweza kusukuma mkokoteni Ngamiani, Tanga, kutwa nzima huku mishipa ya moyo wake ikiziba taratibu. Kuijua ni kwa kupima damu tu.

Maabara ikikutaka ufunge, kula saa 2 usiku kisha nenda saa 2 asubuhi, katikati unywe maji matupu. Chai ya maziwa na vitumbua vya alfajiri hupandisha trigliseridi (mafuta mengine ya damu), na kwa kuwa LDL (lehemu mbaya) mara nyingi hukokotolewa kutokana na namba nyingine, nayo hutoka na kasoro. Kama umetoka kuugua sana, ngoja wiki kadhaa, maana maradhi makali huishusha lehemu kwa muda.

Majibu yakiwa kwa mg/dL, gawanya lehemu kwa 38.7 upate mmol/L, kipimo kinachotumika humu. Kisha usiishie kwenye jumla ya lehemu, kosa la wengi. LDL ndiyo inayopenya ukuta wa mshipa na kujenga utando. Utando ukipasuka, damu huganda juu yake na mshipa huziba ghafla. Huo ndio mshtuko wa moyo. Basi toa HDL (lehemu nzuri) kwenye jumla, ubaki na ile yenye madhara. Mwenye jumla 5.8 na HDL 1.9 anabaki na 3.9, mwenye jumla 5.0 na HDL 0.8 anabaki na 4.2. Huyu wa pili, ambaye kwa jumla pekee angeonekana salama, ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi.

Kwa mtu mzima asiye na maradhi, LDL chini ya 3.0 inatosha. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo anahitaji chini ya 1.8, na miongozo ya Ulaya inataka chini ya 1.4. Presha, kisukari na sigara huongeza hatari hata namba ikiwa ya wastani. LDL ikifika 4.9, huenda ni ya kurithi: ndugu na watoto nao wapimwe.

Sasa jikoni. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha LDL, na Tanga tui liko kwenye wali, maharage, mihogo na mchuzi wa samaki, mara nyingine vyote siku moja. Hatusemi mbuzi ya kukunia nazi itupwe. Chagua chungu kimoja kwa siku: wali ukiwa wa nazi, samaki awe chukuchuku, kwa nyanya na ndimu. Kasimile, tui zito la kwanza, liache kwa siku ya shughuli. Siku nyingine tumia tui la pili, na hilo pia kwa kiasi. Kukaangia, alizeti ni bora kuliko mawese. Maharage, kunde na choroko zina nyuzi zinazosaidia kutoa lehemu mwilini. Chungwa la Muheza lile na nyama zake, usilikamue.

Ukiandikiwa atovastatini, dawa ya kushusha lehemu, meza kila siku. LDL ikishuka kwa 1 mmol/L, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Wengi huacha dawa wakiona namba imeshuka. Imeshushwa na dawa, na ukiacha inapanda tena. Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi, wahi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye mimba au anayetarajia kushika mimba amwambie daktari kabla ya kuanza.

Rudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12, na ubebe majibu ya zamani yalinganishwe.