Mnaomleta mtoto kuiona Makerere, laleni karibu na kilima

Wazazi mnaokuja Kampala kumwonyesha mtoto Chuo Kikuu cha Makerere, tafuteni malazi upande wa Wandegeya au Makerere Kikoni, mwende chuoni kwa miguu. Foleni za asubuhi zinakula muda vibaya. Ila kabla ya kulipa, ombeni chumba cha nyuma, mfungue dirisha na kusikiliza: Wandegeya hailali, muziki na honi za bodaboda huendelea hadi usiku wa manane.

Ingieni chuoni mapema, wakati korongo wakubwa bado wamejaa mitini. Jengo Kuu, lililoungua Septemba 2020 na kujengwa upya, litazameni kwa utulivu. Mtoto aachwe azungumze na wanafunzi mwenyewe, tafadhali.

Mchana kuleni roleksi barabarani, chapati ya moto iliyoviringishwa na mayai, nyanya na kabichi. Kisha nendeni Kasubi kwenye makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, si mbali. Jioni pandeni mnara wa msikiti wa Old Kampala. Ngazi zinazidi 300, lakini juu mnauona mji mzima, kilima kwa kilima. Kina mama, bebeni mtandio.