Mswaki wa mti, karafuu na majani ya mpera: namna ya kuwadhibiti bakteria wa mdomoni ukiwa nyumbani

Kuna kitu wengi tunakosea tukianza dawa za asili za kinywa, tunadhani ukishasukutua maji ya karafuu basi bakteria wamekufa na kazi imeisha. Haiko hivo jamani. Bakteria wa mdomoni wanajishikiza kwenye jino na kujitengenezea utando, ule unaousikia unateleza ukipitisha ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki, ndo huo unaitwa ukoga. Ukishakuwa mnene, dawa ya kusukutua inawagusa wa juu juu tu, wale wa chini wanaendelea kula sukari uliyokula wewe na kutoa asidi, na asidi hiyo ndo inatoboa jino. Kwa hiyo kila nitakachoelekeza hapa kinaenda na kusugua, ukoga utoke kwanza ndo dawa ipate pa kufanyia kazi.

Mie nilianza kufatilia haya kwa sababu ya fizi. Nilikuwa kila nikitema naona damu, nikaogopa, nikawa naruka ule upande nisiuumize, na damu ikazidi. Daktari wa meno aliponiangalia akanionyesha kwenye kioo ukoga umejikusanya pale jino linapokutana na fizi, akasema fizi imevimba kwa sababu ya huo uchafu na mimi kwa kuukwepa nazidi kuulea. Nikasafishwa, nikarudi kwenye kusugua vizuri na nikaongeza hivi vitu vya nyumbani, baada ya kama wiki mbili damu ikakata.

Tuanze na mswaki wenyewe, ule wa mti. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, miswak, na lilikuwa jina la kijiti kabla brashi za plastiki hazijafika. Mti wake kitaalamu unaitwa Salvadora persica, unaota sehemu kavu, na mijini utakuta vijiti vinauzwa nje ya misikiti hasa siku ya Ijumaa na mwezi wa Ramadhani. Ukitafuna unasikia ukali unapanda puani kama haradali, na ule ukali ndo dawa: ni kemikali inaitwa benzili isothiosianeti, na mwaka 2011 ilitoka tafiti iliyofanyika Sweden ikaonyesha kwamba inawaua vizuri bakteria wa lile kundi linaloleta ugonjwa wa fizi, na wao waliipata kwenye mzizi. Sasa kwa kuwa ukali ndo dawa, usinunue kijiti kilichokauka mpaka kinavunjika kama kuni, ukali wake umeshapotea hewani. Chagua chenye unene wa penseli au kidole kidogo, kikunje kidogo, kikikubali kupinda ni kibichi bado, na ukikinusa kwenye ncha kiwe na harufu.

Namna ya kukitumia: menya ganda kama sentimita moja tu upande mmoja, tafuna taratibu mpaka nyuzi zifunguke ziwe kama brashi, kama ni kigumu kiloweke kwanza kwenye maji kidogo. Halafu sugua kuanzia kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, ya juu unashuka, ya chini unapanda, polepole, jino moja moja. Usifanye kama unakata mbao, kwenda na kurudi kwa nguvu, maana ukisugua hivo miaka na miaka fizi zinarudi nyuma na mizizi ya meno inabaki wazi. Sehemu inayosahaulika ni nyuma ya meno upande wa ulimi na magego ya mwisho, kijiti kimenyooka hakifiki huko kirahisi, mie huko naingia na brashi ya kawaida. Nyuzi zikilegea au zikianza kunuka kata kile kipande umenye upya, kila siku moja au mbili. Na usikifungie kwenye mfuko wa nailoni kikiwa na maji, kinaota ukungu, kiache sehemu yenye hewa, tena mbali na choo.

Sasa karafuu. Hii tunayo, Pemba imejaa, na mafuta yake sehemu kubwa ni kitu kinaitwa yujinoli, ambacho kinaua bakteria na pia kinatia ganzi. Hata madaktari wa meno wanayo, ile harufu unayoisikia kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda ni yujinoli imechanganywa na unga wa oksidi ya zinki. Ya kusukutua unafanya hivi: chukua punje kama kumi, ziponde kidogo, chemsha kwenye kikombe kimoja cha maji dakika tano mpaka kumi, acha ipoe, chuja. Sukutua nusu dakika hivi, maji yapite katikati ya meno, tema. Tengeneza ya siku hiyo tu, usiweke chupa ya wiki nzima. Jino likiuma usiku na hospitali ni mpaka asubuhi, weka punje moja karibu na jino uing'ate taratibu, inapunguza maumivu. Ila mafuta ya karafuu ya chupa usiyapake yenyewe, yanaunguza fizi, weka tone moja kwenye kijiko kidogo cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino lenyewe. Na mtoto mdogo usimpe kabisa hayo mafuta, akiyameza yanaweza kumdhuru ini.

Majani ya mpera watu wanayachukulia poa lakini kwa fizi zilizovimba na vidonda vya mdomoni mie nayaamini sana. Chuma majani machanga saba au nane, osha, chemsha na vikombe viwili vya maji mpaka yapungue yawe na rangi ya chai, yakipoa sukutua asubuhi na jioni. Utasikia ukakasi mdomoni, ule ukakasi ni tanini, inakaza fizi na kuwasumbua bakteria. Usizidishe wiki mbili mfululizo maana inaweza kuacha rangi kwenye meno.

Mwarobaini nao unafaa, kijiti chake unatafuna vilevile kama mswaki, uchungu wake unauvumilia tu. Mjamzito aache, na mafuta ya mbegu zake yasiingie kinywani mwa mtoto kwa namna yoyote ile. Ukikosa vyote hivi basi chumvi ipo, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, inasaidia sana ukiwa na kidonda.

Na hapa naomba nisikilizwe: ndimu usipake kwenye meno. Naona watu wanachanganya ndimu na magadi ili meno yawe meupe, yanang'aa kweli siku mbili tatu lakini ile asidi inalainisha gamba la jino, ukisugua linatoka, na halioti tena. Mkaa wa kusaga nao unakwaruza. Kitunguu saumu kibichi ukikibandika kwenye fizi kinababua, na nishasikia watu wanatia maji ya betri kwenye jino lililotoboka, hiyo ni kujiunguza mdomo.

Usiku ndo muda wa maana kuliko wote, ukilala mate yanapungua na mate ndo yanayoosha asidi, bakteria wanabaki na uwanja wao. Kwa hiyo sukutua dawa yako ya majani mapema, mfano baada ya chakula cha jioni, halafu ukikaribia kulala piga mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, yale madini yanayolinda jino, dakika mbili, kwangua ulimi pia maana harufu nyingi inatokea huko nyuma ya ulimi, tema povu bila kusukutua na maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno usiku kucha. Ukisukutua majani baada ya hapo unaiondoa.

Tundu halizibwi na jani lolote. Ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe, ule ugaga wa njano, kijiti hakiutoi, unatolewa na daktari kwa vifaa vyake. Shavu likivimba, ukapata homa, mdomo ukawa haufunguki au kumeza kukawa shida, usichemshe kitu, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku, usaha wa jino unaweza kushuka shingoni ukaziba njia ya hewa. Mwenye kisukari ambaye fizi zinatoka damu asisubiri kama nilivyosubiri mie, aende mapema, fizi zikiumwa na sukari nayo inakuwa ngumu kushuka.

Na mtoto mchanga akiharisha au akipata homa halafu mtu akakwambia ana meno ya plastiki, afanyiwe kachale kwenye fizi apakwe majani, mkatalie. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi wanavyoviita meno ya plastiki ni meno yake ya utotoni yanajiandaa kutoka, mpeleke kituo cha afya akatibiwe huko kuharisha.