Bakifukuza mutoto ku masomo: namna ya kujitetea hapa Lubumbashi

Bazazi benzangu, naandika hii ju mwaka ilipita mutoto wangu wa pili alifukuzwa ku masomo hapa Lubumbashi, mu mwezi ya Januari, na miye mama yake sikujua nianzie wapi, nikaenda paka na hasira, nikapiga makelele mu biro ya prefe (mukubwa wa masomo) mbele ya balimu na batoto ya batu, na ile makelele ilikaribia kutuharibia yote. Kitu yenye ilitusaidia ni karatasi. Nilijifunza polepole, kwa avoka (mwanasheria), kwa papa mumoja wa komite ya bazazi, na kwa kusoma sheria mustari kwa mustari na dada yangu mangaribi kisha kutoka soko.

Mbele ya yote ujue balifanya nini. "Kufukuza" kwetu inabeba mambo mingi. Kuko kurudisha batoto nyumbani ju ya makuta, kuko ranvwa (kufukuzwa) ya siku kidogo, kuko ranvwa ya kabisa, na kuko ile ya mwisho wa mwaka yenye banakataa tu kumuandika tena Septemba. Kila moya iko na njila yake. Ya makuta, kama ni primeri ya leta, ata kama inaongozwa na Bakatoliki ao Baprotestanti, Konstitisio ya Kongo ya 2006 mu artikle 43 inasema primeri ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 leta ilianza kuifwata kweli, basi kumurudisha mutoto wa primeri ju ya minervali (makuta ya masomo) haiko na sheria na unaweza kuisema bila kuogopa. Masomo ya priye (ya mutu binafsi) ni ingine, kule kuko kontra kati yako na bo, na utalipa. Miye nitasema zaidi ya ranvwa ya kabisa, ju njo tulipitia.

Sisi tuliambiwa na mudomo tu. Mutoto alikamatwa na telefone mu klase, basi, prefe akaniita akasema: "Mama, kamata mutoto, mumutafutie masomo ingine, hapa tulishamaliza." Hakuna karatasi. Na bila karatasi hakuna tarehe, hakuna sababu, hakuna sinyatire, unaenda kushitaki nini? Kesho watasema haba​kumufukuza, ni mutoto mwenyewe aliacha kuya. Kwa hiyo siku ileile, usingoje, andika mukanda (barua) yako. Iandike na kifaransa ju biro yote inatumika na kifaransa, kama haukijue vizuri tafuta mutu akuandikie, lakini maneno ni haya: leo tarehe fulani, saa fulani, mulituambia na mudomo kama mutoto fulani wa klase fulani alifukuzwa, tunalomba mutupe ile desizio kwa maandishi na sababu yake, prose-verbali (ripoti) ya konsei ya disipline, ile kikao yenye inahukumu makosa ya batoto, na reglema (kanuni) ya masomo. Ni hiyo tu, usiweke matusi, usieleze historia yote, usilombe ata musamaha kama haujue mutoto alihukumiwa ju ya nini.

Piga kopi mbili. Moya inabakia kwao, ingine inarudi na weye ikiwa na kashe (muhuri). Sekretere alinirudishia mukanda akasema prefe hayuko, nikamujibu na heshima: mama, sikuya kumuona prefe, nilikuya kuweka mukanda. Nikaikala. Akaangalia kopi yangu muda murefu, akaingia mu biro ya ndani, akarudi, akafungua tirware, akatosha kashe, akapiga, akaandika tarehe na biki ya bule, akasinya bila jina. Nikamuambia, "Mama, samahani, na jina yako." Akaandika. Ile jina na ile tarehe njo avoka aliangalia ya kwanza siku tulifika kwake, mbele ata ya kuuliza mutoto alifanya nini. Bakikatala kabisa kupokea, kuko huisie (mutumishi wa tribinali), atapeleka mukanda yeye mwenyewe na atashuhudia kama balikatala, unamulipa lakini karatasi yake iko na nguvu mbele ya muzuzi.

Sasa sikia hii muzuri, ju hapa bazazi wengi banaanguka. Kisha juma moya masomo ilituita, na sauti ya pole kabisa, tuye kukamata bileteni (ripoti ya pointi) na karatasi zote za mutoto ili apate fasi kwingine. Wakamutolea shemeji yangu karatasi moya yenye ilishaandikwa na mashini, asinye tu. Ilikuwa inasema: miye muzazi wa fulani, nalomba kutosha mutoto wangu ku hii masomo. Ukisinya ile, hakuna ranvwa tena. Ni weye ulimutosha. Kesi yako inakufia pale pale. Sisemi kila prefe anafanya vile na roho mubaya, wengine banataka dosie ya mutoto isichafuke, na kama mulishaamua mu nyumba kama mutoto anatoka na hamutaki mambo, ile karatasi inaweza kumusaidia kweli. Lakini kama munataka kupigania fasi yake, usisinye. Karatasi za mutoto unaweza kuzilomba na mukanda yako mwenyewe, na ku deshariji (karatasi ya kuonyesha ulipokea) unaandika juu ya sinyatire kama unazipokea "su tute rezerve", maana yake kupokea haiko kukubali. Avoka wetu alinifanyisha kuandika ile maneno mara kumi mpaka mukono ikazoea.

Kisha soma reglema. Wengi wetu tunaisinya Septemba siku ya kuandikisha, mustari murefu uko nyuma, hakuna anayesoma. Kwetu ilikuwa imeandikwa wazi: telefone, mara ya kwanza banaikamata na kuita muzazi, ranvwa inakuya kama mutoto anarudilia. Yetu ilikuwa mara ya kwanza. Angalia: ile kosa iko mule? Na azabu yake ni hiyo balimupa? Konsei ya disipline iliikala kweli, tarehe gani, nani alikuwa mule? Mutoto alisikilizwa? Hii ya mwisho iko na uzito kupita vile batu banafikiri. Konvansio ya haki za batoto, inchi yetu iliisinya na kuipitisha mu 1990, artikle 12 inasema mutoto asikilizwe mu jambo yenye inamugusa, artikle 28 inasema disipline ya masomo iheshimu utu wa mutoto, na sheria yetu ya 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto, namba 09/001, inasema mu artikle 6 kama faida ya mutoto njo iangaliwe mbele mu kila uamuzi juu yake. Mutoto wangu hakuulizwa ata neno moya. Aliikala ku kolidore wakati bo banaamua.

Mukanda ya pili unaipeleka juu. Inategemea masomo ni ya nani. Ya leta kabisa, unaenda ku su-divizio (biro ya leta ya masomo), kisha ku biro ya Provense Edikasionele. Ya kanisa, kikatoliki, kiprotestanti, kimbangisti, ao ya Bislamu, unaanzia ku kordinasio yao (biro ya kanisa ya kuongoza masomo), ju kwa konvansio (mapatano) ya 1977 na leta bo njo banaongoza zile masomo kwa jina ya leta. Ya priye, unaanzia kwa promotere (mwenye masomo), lakini su-divizio vilevile iko na neno juu yake ju leta njo ilimupa agrema (ruhusa). Kila mukanda, weka kopi kwa benye beko juu na kwa komite ya bazazi. Ule papa wa komite yetu aliandika nusu paji tu, lakini ku kordinasio njo walisoma kwanza, ju yeye haiko mama ya mutoto, haiko na machozi mu ile maneno.

Tribinali ni njila ya mwisho, na ujue saa yake. Kwa masomo ya leta na ya kanisa benye banatumika kwa jina ya leta, uko mu mambo ya administrasio, sheria ya 15 Oktoba 2016 namba 16/027. Mbele ya kushitaki lazima ufanye reklamasio (malalamiko ya maandishi) kwa mukubwa mwenye alikamata uamuzi, mu miezi tatu tangu ulipopewa habari, na akinyamaza miezi tatu ni kama alikatala, hapo njo unaenda kwa muzuzi. Hesabu mwenyewe: ranvwa ya Januari, miezi tatu, miezi tatu, mwaka ya masomo inafungwa mwanzo ya Julai. Ndiyo sababu reklamasio usiipeleke siku ya mwisho, ipeleke juma ileile, na umuulize avoka wazi wazi juu ya refere, ni njila ya haraka yenye ile sheria inafungua kusudi muzuzi aweze kusimamisha uamuzi wakati kesi ingali inatembea.

Priye ni mambo ya sivili. Kode sivili livre ya tatu, ya 30 Julai 1888, artikle 33 inasema kontra ni sheria kwa benye waliifanya, artikle 258 inasema mwenye anatia mwenzake hasara kwa kosa yake ailipe. Kule unaweza kulomba mutoto arudi, ao makuta ya trimestre yenye hakusoma, na domaje (malipo ya hasara). Mara mingi somasio (mukanda ya kuonya) moya ya huisie inatosha kuleta promotere ku meza. Na usidanganyike na jina: tribinali ya batoto haiko kwa mambo ya ranvwa, inahukumu batoto benye balivunja sheria na mambo kama ya kizazi na adopsio.

Makuta ya avoka inatisha, najua. Uliza bei mbele ya kuanza, na iandikwe. Kama hauna, ku Baro kuko biro ya konsiltasio ya bure, unaenda na atestasio ya indijanse (karatasi ya umasikini) yenye unalomba ku komini, banakupa avoka. Sisi tulienda na ile, na sioni haya.

Usifanye haya: kumutuma noko mwenye iko polisi ao soda ende kutisha prefe, kupana matabishi, na kutupa jina ya prefe na sura yake mu bagrupe ya WhatsApp na kumuita muizi. Hii ya mwisho inaweza kukurudilia, ju kuko artikle 74 ya kode penali livre ya pili, kumuharibia mutu jina, na ghafla ni weye uko mushitakiwa na kesi ya mutoto inasahauliwa. Ila kama mutoto alipigwa, ile ni kesi ingine, mupeleke kwa munganga siku ileile apate sertifika.

Na mutoto mwenyewe? Hapa njo nalia bado. Juma ya kwanza alikuwa analamuka saa kumi na mbili, anavala shemishi yake nyeupe na pantalo ya bule, anaikala ku veranda na kartable ku magoti mpaka bangine wanarudi saa sita. Sikuwa namuona, nilikuwa nakimbia na mikanda. Ni jirani aliniambia. Basi kuanzia siku ya kwanza muombe mwenzake mumoja amupe kaye akopie kila mangaribi, mutafutie mwalimu ata wa saa mbili kwa juma, na kama kuko masomo ingine inakubali kumupokea kwa muda, mupeleke, haikatazi kesi yako kama haukusinya ile karatasi ya kumutosha. Kama ni mutoto wa sita primeri ao finaliste, uliza siku ileile kama jina yake ilishatumwa kwa enafepu ao kwa egizeta (mitihani ya leta), na uilombe kwa maandishi, ju ile tarehe ikipita hakuna muzuzi ataweza kukurudishia.

Yetu ilikwisha hivi: kordinasio iliandikia masomo, konsei ikaikala tena, mara hii mutoto akaingia na miye nikaikala nyuma yake, akaulizwa, akaeleza telefone ilikuwa ya nani na alikuwa anaangalia nini. Ranvwa ya kabisa ikageuka kuwa siku 15, na zile siku zilikuwa zilishapita. Alikuwa amekosa juma sita. Prefe alinipa mukono. Sikumuomba aseme pole, nililomba tu karatasi ya ile uamuzi mupya, na kashe.

Julai ukipewa bileteni, angalia musitari ya kondwite (tabia). Yetu iliandikwa bado "mbaya" ku periode ya tatu, kama vile konsei ya pili haikuwako, na masomo ingine ikiona ile haitamupokea. Nikaandika mukanda ingine, kopi mbili, nikaikala mbele ya yule sekretere. Hakuuliza kitu, alitosha kashe. Bileteni ilirekebishwa juma ya pili, na farde yote iko mu koferi yangu, itabakia mule mpaka siku atakamata diplome ya leta.